Seva iko stoo Ngamiani, fundi yuko Dar. Tuajiri mtu wa kuilinda au tuendelee hivi hivi?

BintiNgamiani, Tanga

Habari za leo wakuu. Naomba mawazo ya watu wanaoijua hii kazi, maana nyumbani tumeshindwa kuelewana.

Tuna biashara ya familia ya vifaa vya ujenzi hapa Tanga mjini, Ngamiani. Saruji, nondo, mabati, rangi, mabomba. Aliianzisha marehemu baba, sasa tunaiendesha mimi, kaka yangu na baba mdogo, na tuna matawi Muheza na Korogwe. Mauzo, stoku, madeni ya wakandarasi, mishahara, vyote vimo kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu inayotunza kila kitu, iliyoko chumba cha nyuma, ubavuni mwa saruji. Matawi yanaingia kwenye seva hiyo hiyo kwa intaneti, yaani keshia wa Korogwe akiwasha kompyuta yake anaona deskitopu ya seva ya Tanga na anauzia humo humo.

Aliyetufungia mfumo ni fundi ambaye siku hizi anaishi Dar. Kukiwa na tatizo tunampigia, anaingia kwa AnyDesk, programu ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, anarekebisha, tunamtumia hela kwa simu. Kijana mwema, sina neno naye. Ila akibanwa na kazi zake tunaweza kukaa wiki nzima tunasubiri.

Juzi juzi hapa, jirani yetu wa biashara anayeuza vipuri alifungua duka asubuhi akakuta mafaili yote yamebadilika majina, hakuna hata moja linalofunguka, na kwenye kioo kuna maandishi ya Kiingereza yanayomtaka alipe kwa bitcoin. Mpaka leo anaandika mauzo kwenye daftari, na anawapigia wateja wake mmoja mmoja kuwauliza anawadai kiasi gani. Wengine hawapokei simu. Nilipotoka kwake nilienda moja kwa moja kuiangalia seva yetu. Inawaka, taa za kijani, vumbi la saruji limeganda kwenye matundu ya feni. Zaidi ya hapo sikujua niangalie nini, na dukani kwetu hakuna hata mmoja anayejua.

Mimi nataka tuajiri mtu mwenye ujuzi, kazi yake iwe hii. Baba mdogo anasema kumlipa mtu kila mwezi akae anaangalia mashine ambayo haijaharibika ni hela ya kutupa, bora tununue antivirasi nzuri na kijana wa Dar aendelee. Kaka anasema tuhamie klaudi, yaani tukodi nafasi kwenye kompyuta za kampuni nyingine kwa intaneti, tuachane na habari za seva. Nani ana haki? Na kama ni kuajiri, mtu ambaye hajasomea mambo haya atamtambuaje mwenye ujuzi wa kweli? Seva ni Windows Server 2012 R2, kama hilo linasaidia.

Pwani_Klaudi, Dar es Salaam

Dada, kaka yako ana hoja nzito. Umeme ukikatika Tanga, Korogwe na Muheza nao wanasimama. Joto la huko, hewa ya bahari, na juu yake vumbi la saruji, hiyo mashine haina maisha marefu. Mfumo ukiwa klaudi, jengo lao lina majenereta, lina baridi, lina watu wa zamu usiku kucha, na diski ikifa hata hamtajua kama imekufa. Mimi hela ya mshahara ningeilipia ada ya mwezi ya klaudi nikalala.

Mtunza_Seva, Tanga

Dada yangu, nakuomba unisome taratibu. Kazi hii ndiyo inayonilisha, naifanya hapa hapa mjini, na mambo kama yaliyompata jirani yako yananiuma kwa sababu mara nyingi yalikuwa yanazuilika.

Nianze na hiyo seva. Baba mdogo anasema haijaharibika. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows Server 2012 R2 tarehe 10 Oktoba 2023. Walioendelea kuyapata ni wale walionunua nyongeza maalumu, na sidhani kama duka lenu limo. Kwa hiyo tundu lolote lililogunduliwa baada ya hapo liko wazi stoo kwenu, na anayelitafuta anajua pa kulisoma. Antivirasi haizibi tundu la namna hiyo, kazi yake ni kukamata faili baya linaloingia au kuamka. Mtu akishaingia kwa haki za Administrator, yaani msimamizi mkuu wa seva, anaizima antivirasi kwanza ndipo aanze shughuli zake, na seva itamtii kama inavyomtii fundi wenu.

Lililonitisha zaidi ni hilo la keshia wa Korogwe. Umesema anaona deskitopu ya seva moja kwa moja, hukutaja VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti wanayopita walioruhusiwa tu, wala kitu chochote cha katikati. Nahisi poti 3389, yaani mlango wa kuiendeshea seva kwa mbali, kwenye ruta yenu imefunguliwa kwa dunia nzima. Kama ni hivyo, kuna wanaobisha hodi hapo sasa hivi. Hawaijui Ngamiani, hawajui kama mnauza nondo au maembe. Ni programu zinazopita kwenye anwani za intaneti moja baada ya nyingine, usiku na mchana, na zikikuta 3389 imeitika zinaanza kujaribisha majina na nywila. Wafanyabiashara wengi hapa mjini huniuliza, biashara yangu ndogo hii nani atanitafuta? Kinachotafutwa ni poti iliyoitika. Mwenye mali watamjua wakishaingia.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe leo. Kaa mbele ya seva, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha Security. Itakuja orodha ndefu yenye namba. 4625 ni mtu aliyejaribu kuingia akashindwa, 4624 ni aliyeingia. Bonyeza mstari wowote wa 4625, soma jina lililojaribiwa na saa. Ukikuta mistari imefuatana kila baada ya sekunde chache, majina kama admin, test, user, scanner, tena saa nane za usiku duka limefungwa, basi hodi ndiyo hiyo. Ukikuta katikati yake kuna 4624 yenye Logon Type 10, yaani kuingia kwa mbali, saa hizo hizo za usiku, kuna aliyeingia. Na ukikuta 1102, maana yake kuna mtu aliifuta orodha. Hapo chomoa waya wa mtandao kabla hujasoma mstari wa pili.

Sasa kazi ya huyo mtu unayetaka kumwajiri iko hapo. Seva inaandika kila kitu yenyewe, anayekosekana ni msomaji. Nimewahi kuitwa kwenye ofisi moja upande wa bandarini, mafaili yameshafungwa, nikaanza kuisoma orodha hiyo kurudi nyuma. Wageni waliingia Alhamisi usiku kwa akaunti ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Ijumaa usiku wakarudi, wakatoka kwenye seva wakaenda kwenye kompyuta ya mhasibu, wakaona diski ya bakapu, yaani ya nakala za akiba, ambayo ilikuwa imechomekwa kwenye USB muda wote. Jumamosi usiku wakazifuta nakala ambazo Windows hujiwekea yenyewe, wakaifunga seva, na diski ya bakapu wakaifunga pamoja nayo. Ijumaa yote mchana ushahidi ulikuwa umekaa pale, umeandikwa jina na saa. Akaunti ya mtu ambaye hayupo kazini, imeingia usiku, kutoka anwani isiyo ya Tanzania. Mwenye ujuzi angeiona kabla chai ya saa nne haijaletwa, angeifunga akaunti ile, angechomoa diski, na Jumatatu watu wangefanya kazi. Ofisi ilikuwa na antivirasi ya kulipia. Ilikuwa na fayawoli ya bei kubwa. Kijana wa IT alikuwepo pia, na Ijumaa hiyo alishinda na printa.

Tusidhani haya ni ya kwetu tu kwa sababu ya uchache wa hela. Equifax ya Marekani inatunza kumbukumbu za mikopo za watu, haina shida ya fedha wala ya mitambo. Machi 2017 likatoka sasisho la programu ya Apache Struts waliyokuwa wakiitumia, na tangazo likafika ndani ya kampuni kwamba wazibe. Kuna seva moja haikuzibwa. Mei wezi wakapita hapo na wakakaa ndani mpaka mwisho wa Julai, wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147. Mtambo wa kukagua yanayopita kwenye mtandao walikuwa nao, ila cheti chake cha usalama kilikuwa kimeisha muda kwa miezi mingi, na kwa hiyo mambo yaliyofichwa kwa msimbo ulikuwa huyaoni. Siku walipokuja kuweka cheti kipya, ndipo wakaona. Yaani chombo kilinunuliwa, kikafungwa, kikawashwa, na mkono wa kukitazama haukuwepo.

Nikija kwa Pwani_Klaudi: kuhusu umeme, joto na vumbi nakubaliana nawe kabisa. Seva ile itoke pale kwenye saruji hata kesho. Lakini klaudi inahamisha chuma. Nywila ya Administrator inabaki yenu, orodha ya wanaoruhusiwa kuingia inabaki yenu, keshia aliyeacha kazi Muheza akaunti yake haifungwi na mtu wa klaudi. Ukiipeleka Windows ile ile na 3389 ile ile wazi, wabishaji wataikuta huko, tena intaneti ya huko ina kasi zaidi.

MhasibuKorogwe, Korogwe

Naomba niseme na baba mdogo, kwa heshima, maana lugha ya hela naijua.

Mzee wangu, usiupime mshahara huo kwa kazi unayoiona kwa macho. Chukua daftari la madeni. Wakandarasi mmewapa mali kwa mkopo, kila mmoja na kiasi chake, na ushahidi wenu ni ile seva. Siku ikifungwa, mwaminifu atakuja kulipa, na asiye mwaminifu atauliza risiti yake iko wapi. Hapo bado hamjaagiza mzigo, kwa sababu hamjui stoo kuna nini. Bado mkaguzi wa kodi hajaja kutaka kumbukumbu. Jumlisha hayo mwenyewe, halafu uweke mshahara pembeni.

Jambo la pili ambalo sijaona limetajwa. Mnapokopesha, mnachukua majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya NIDA. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake ambako wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Sheria inamtaka anayetunza taarifa hizo azilinde. Zikivuja, kusema kwamba fundi yuko Dar hakutawasaidia.

Na ushauri wa kihasibu: atakayetunza seva asiwe yule yule anayepokea fedha au anayefuta mauzo kwenye mfumo. Akaunti ya Administrator isitumike kuuzia. Kila keshia aingie kwa jina lake, la sivyo upotevu ukitokea hamtajua nani alifanya nini.

BintiNgamiani

Asanteni sana. Nimeifungua ile Security kama alivyoelekeza Mtunza_Seva, na mikono ilinitetemeka.

Mistari ya 4625 haina mwisho. Usiku, alfajiri, hata sasa hivi nikiwa nimekaa mbele yake ilikuwa inaongezeka. Administrator, admin, admin1, test, reception. Kilichonitia hofu zaidi, lipo na jina la duka letu! Wamelijuaje? Nimepitia 4624 zenye Type 10, zote ni za mchana na anwani ni mbili tu zinazojirudia, kaka anaamini ni za matawi. 1102 sijaiona. Ila orodha inarudi nyuma siku chache tu, kabla ya hapo hakuna kitu.

Nilimwita baba mdogo akakaa kwenye kiti, nikamsomea majina na saa. Alisoma mwenyewe kimya, akauliza, "Hawa wote walikuja kwetu usiku?" Kisha akamwambia kaka afunge. Kaka ameingia kwenye ruta akaizima ile poti, tena nilipofungua tena Security mistari imekoma. Matawi leo yanaandika kwa mkono, keshia wa Korogwe analalamika foleni. Fundi wa Dar tumempigia, amesema ataweka VPN Jumamosi.

Kwa hiyo la kuajiri sasa tumeafikiana. Lililobaki ni hela, maana mshahara wa mtu mzima wa fani hii, wa mwezi mzima, kwa duka letu ni mzito. Na lile swali langu, nitamtambuaje? Wameshaanza kuletwa watoto wa ndugu.

Makorora_IT, Tanga

Dada shikamoo. Mimi nimesoma Dodoma, shahada ya mifumo ya kompyuta, nimerudi nyumbani Makorora natafuta kazi. Naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaokuja kwenye usaili.

Nimefika kwenye ofisi kadhaa hapa Tanga. Tangazo limeandikwa mtunza mifumo. Nikifika naambiwa nitatengeneza printa, nitapokea simu, nitapiga picha za bidhaa na kuziweka Instagram, na jioni nitapeleka fedha benki. Nikiuliza seva nitaikagua saa ngapi, naambiwa seva haina tatizo. Sikatai kazi ya mikono na printa nitatengeneza. Ila yule kijana wa Ijumaa aliyesimuliwa hapo juu mimi namuonea huruma, kwa sababu huenda alijua kabisa cha kutazama na hakuna aliyempa nafasi. Tafadhali, mkimpata mtu, muandike kwenye mkataba saa zake za seva, na zisiguswe.

Nyingine ni mafunzo. Tulichosoma chuoni kinachakaa upesi. Mtu akiomba kulipiwa kozi au siku ya kujisomea, asionekane mvivu.

Mtunza_Seva, Tanga

Marahaba kijana, umesema kweli na mimi nisingeiweka vizuri hivyo. Nitumie ujumbe wa faragha, kuna mahali nitakuelekeza.

Dada, jina la duka wamelipata kwenye seva yenyewe. Ukibisha kwenye 3389, kabla hata ya nywila, seva hutoa cheti chake, na kwenye cheti kuna jina la kompyuta. Fundi aliipa kompyuta jina la duka, nao wakalijaribu kama jina la mtumiaji. Orodha kuwa fupi ni kawaida, ina ukubwa iliyowekewa, ikijaa mistari ya zamani inafutwa ipishe mipya, na kwa wingi wa hodi mlizokuwa mkipigiwa ilikuwa inajaa haraka. Hiyo ndiyo sababu siwezi kukuhakikishia kwamba hakuna aliyepita mwezi uliopita. Mwambie fundi aongeze ukubwa wa orodha, na nywila zote zibadilishwe, za matawi na ya Administrator, kabla VPN haijawashwa. Baada ya kuwashwa, msiifungue tena ile poti, hata keshia akilia.

Kuhusu hela. Pale Ngamiani mpo wengi wenye seva moja moja vyumba vya nyuma. Wewe, huyo wa vipuri akijaaliwa kuinuka, na mwingine mmoja wa jumla mnayeaminiana, mnaweza kumlipa mtu mmoja mwenye uzoefu. Kila duka na siku zake za wiki, kila duka na mkataba wake na nywila zake, na dharura anaitikia kwa wote. Nimefanya kazi kwa mtindo huo na unakwenda, ila kwa sharti moja: ndani ya kila duka awepo mtu, kwenu naona ni wewe, anayejua kufungua ile orodha kila asubuhi na kumpigia akiona kitu kigeni. Umeshaonyesha unaweza. Ujuzi wa ndani mdogo pamoja na ujuzi mkubwa wa kukodi, hiyo ni bora kuliko kumwajiri mtu mmoja wa bei rahisi na kumwachia kila kitu peke yake. Mtu huyo naye huugua, huenda msibani, hulala.

Kumtambua. Vyeti vitazame, lakini usimalizie hapo. Mkalishe mbele ya mashine. Mwambie, chukua diski ya bakapu, nirudishie mauzo ya Jumanne iliyopita kwenye kompyuta nyingine, nayaona. Wengi wanajua kuchukua bakapu na hawajawahi kurudisha hata moja. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuihesabu. Halafu muulize, kama kuna mtu aliingia humu jana usiku, utajuaje? Akikutajia jina la antivirasi, mshukuru mwache aende. Akikuuliza yeye kwanza, nani wana nywila ya Administrator, walioacha kazi akaunti zao zilifungwa lini, diski ya bakapu inakaa wapi usiku, huyo mvutie kiti. Watoto wa ndugu nao wapewe mtihani huo huo, mbele ya baba mdogo, ili asiyefaulu asije akasema amenyimwa.

Na mpeni mamlaka. Hili watu hulisahau. Mtu akiona jambo baya saa mbili asubuhi, awe na ruhusa ya kuchomoa waya hata kama wateja wamejaa, bila kutafuta kwanza bosi yuko wapi. Kwa virusi vya aina hii dakika zina maana. Kampuni ya meli ya Maersk, ile ambayo makontena yake mnayaona barabarani, ilipigwa tarehe 27 Juni 2017 na kirusi cha NotPetya kilichotokea kwenye sasisho la programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Ofisi moja tu huko ilikuwa nayo. Walilazimika kufunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zao kuu zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji zilifutika dunia nzima, isipokuwa moja ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ilikuwa imezimika wakati kirusi kinapita. Kutoka hiyo moja ndipo walipoanzia kujirudisha. Walikuwa na nakala nyingi, lakini zote zilikuwa zimeunganishwa na zinafanana wakati wote, kwa hiyo zilikufa pamoja. Ndiyo maana nakusisitizia diski mbili za bakapu zinazopishana, moja ikiwa dukani nyingine iwe nyumbani kwenu, haijachomekwa kwenye kitu chochote.

Halafu panga bajeti ya kuihama hiyo 2012 R2 mwaka huu. VPN itawapa nafuu, ila tundu liko pale pale.

BintiNgamiani

Nimekuelewa neno kwa neno, kaka, Mungu akulipe. Baba mdogo ameomba nimuandikie ile mitihani kwenye karatasi, anataka kuisimamia mwenyewe. Na yule wa vipuri nimeongea naye jana, amekubali la kushirikiana.

Swali la mwisho. Huyu fundi wa Dar tumfanyeje? Ana nywila zote na AnyDesk yake imo. Hajatukosea kitu, na ndiye anayetuwekea VPN Jumamosi. Naona haya kumfungia kama mwizi.

Mtunza_Seva, Tanga

Usimfungie kwa siri, haitakuwa haki. Mpigie baba mdogo akiwepo, mwambieni mnaajiri na mnataka makabidhiano. Aje Tanga, nauli na siku yake mlipe. Akae na mtu mpya, aandike kila kitu alichofunga: leseni za mfumo, mipangilio ya ruta, akaunti zote, bakapu inachukuliwaje na inaenda wapi. Mambo mengi ya seva yenu yamo kichwani mwake tu, na mkigombana naye mtayapoteza. Wakimaliza, AnyDesk iondolewe mbele yake, akaunti yake ya Administrator ifungwe mbele yake, na yeye asaini kwamba amekabidhi. Fundi anayejiheshimu ataifurahia karatasi hiyo, maana likitokea jambo mwezi ujao hakuna wa kumnyooshea kidole. Mkimhitaji tena, mtu wenu mpya atamfungulia akaunti ya siku hiyo, na jioni ataifunga.